Shajara ya mradi: mifupa ya albamu isiyotoka

Jumamosi, 26 Aprili 2025

Sikukuu ya Muungano. Ofisi imefungwa, njia ya kwetu ni tope tupu, na mvua ya masika inamalizia hasira zake juu ya bati. Nimenunua kaunta buku. Ukurasa wa kwanza nimeandika SMILE kwa herufi kubwa, jina la albamu ninayotaka kuiunga mwenyewe, chini yake tarehe ya kumaliza. Kisha tarehe nimeikata. Najijua.

Naandika chanzo, nisije nikakisahau katikati ya safari. Mwaka 1966 Brian Wilson, kichwa cha bendi ya Beach Boys wa California, alikuwa na miaka 24. Mwezi Mei walikuwa wametoa Pet Sounds. Akaanza albamu nyingine, Smile, maneno akiandikiwa na Van Dyke Parks, na namna yake ya kurekodi ilikuwa ngeni: hakurekodi wimbo, alirekodi vipande. Nusu dakika leo studio hii, dakika moja wiki ijayo studio ile, mwisho anakaa na kanda zake anakata na kuunga. "Good Vibrations" ulijengwa hivyo kwa miezi, katika studio nne, ukatoka Oktoba 1966 na kushika namba moja Marekani na Uingereza. Akaona albamu nzima inawezekana kwa mtindo huo huo. Kampuni ya Capitol ikachapa majalada zaidi ya laki nne. Desemba ikapelekewa orodha ya nyimbo 12. Majalada yakasubiri sahani, sahani haikuja. Mwanzoni mwa Mei 1967 msemaji wa bendi, Derek Taylor, akatangaza kwamba kazi imetupwa.

Nyuma ya yale majalada kuna orodha ya nyimbo na maelezo kwamba mpangilio sahihi uangaliwe kwenye lebo ya sahani. Jambo hilo ndilo lililoniponza. Mtu amekupa bahasha, ndani anasema soma barua, na barua hakuna.

Jumapili, 27 Aprili

Vifaa. Diski tano za mkusanyo uliotoka 2011, The Smile Sessions. Mdogo wangu alizipata Dar kwa muuza sahani kuukuu, akazituma kwa basi zimeviringishwa ndani ya fulana mbili na mfuko wa sembe. Kompyuta yangu haina mlango wa diski, kwa hiyo nimeshinda leo kwenye kibanda cha jamaa anayerusha filamu kwenye flashi. Yeye bado ana kompyuta ya mezani ya enzi za kale. Amenitoza elfu tano na soda.

Diski ya kwanza ni albamu kamili kadiri wahusika walivyoweza kuiunga. Nyingine ni ghala: vipande, marudio, vicheko, mtu anahesabu, mtu anakohoa, Brian anasimamisha wanamuziki na kuanza upya.

Swali la haki: kama wenyewe walishaiunga, mimi natafuta nini? Jibu ni kwamba mpangilio wa 2011 unafuata ule wa 2004, mwaka ambao Brian, akiwa na miaka 61, aliimaliza Smile na bendi yake mpya na kuipiga London. Ni muziki wa sehemu tatu ndefu zinazotiririka bila kukatika, jumla dakika arobaini na kitu. Nauheshimu. Ila ni mpangilio wa mzee anayetazama nyuma. Mimi naitaka sahani ya kijana wa miaka 24 ambaye bado anafikiri ataimaliza: nyimbo 12, pande mbili, kama dakika kumi na tano mpaka ishirini kila upande kama sahani za pop za siku zile. Ukizidisha hapo mifereji inabanana na sauti inapoteza nguvu.

Jumamosi, 3 Mei

Leo sijagusa kompyuta. Nimekula ming'oko barazani na kuandika kanuni.

Sisi watu wa Lindi tuna mfano wetu wa kazi hii, na mfano wenyewe uko Berlin. Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba kile kilima, lakini waliochimba hasa ni babu zetu. Msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani, na alijua kuuinua mfupa uliopasuka bila kuumwaga. Mifupa ilifungwa, ikawekwa vichwani, ikatembea siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya hapa hapa Lindi, zaidi ya tani 200, ikapakiwa melini. Mwaka 1937 wakamsimamisha. Leo ana urefu wa mita 13 na ushei kutoka sakafuni, watoto wa Kijerumani wanapigwa picha naye.

Shuleni hatukuambiwa kwamba yule si mjusi mmoja. Sehemu kubwa ni ya mnyama mmoja, nyingine zimetoka kwa wenzake, na zilizokosekana zimefinyangwa kwa plasta. Pingili za mgongo na shingo zipo halisi, lakini nzito mno na dhaifu mno kuning'inizwa, kwa hiyo pale juu zimewekwa za bandia. Anayemwona anaona mnyama mzima. Wala hajadanganywa, ilimradi mahali fulani pameandikwa upi ni mfupa na upi ni plasta.

Basi kanuni zangu ni hizi. Kinachoruhusiwa ni kilichorekodiwa kabla Taylor hajatangaza kifo, yaani mwisho wangu ni mwanzoni mwa Mei 1967. Sitapiga wala kuimba kitu changu humo ndani. Nikilazimika kutumia kitu cha baadaye, kinaandikwa kwenye daftari kwa kalamu nyekundu: PLASTA, namba yake, na sababu. Na kazi hii ni ya sikio langu na watu wa nyumbani. Haiendi mtandaoni, wala haiuzwi.

Jumanne, 6 Mei

Umeme hakuna tangu saa kumi. Nimeandika haya kwa tochi ya simu.

Jumamosi, 10 Mei

Siku nzima kwenye "Heroes and Villains". Huu ndio wimbo uliomla Brian. Aliurekodi na kuurudia kuanzia Oktoba 1966, akaubadilisha, akaongeza vipande, akavitoa, na uliotoka kama santuri ndogo Julai 1967 una sura nyingine. Mimi natumia mchanganyiko wa Februari 1967, wenye kile kipande cha katikati kinachosikika kama kilabu cha pombe cha kwenye sinema za wachunga ng'ombe.

Nimejifunza kukata. Mwanzo nilikuwa nakata pale sikio linaponiambia, na kila kiungo kilitoa "tik" kama mtu anavunja njiti ya kiberiti. Nikakuza mchoro wa sauti kwenye Audacity, programu ya kukatia sauti, mpaka ukaacha kuonekana kama nywele na kuanza kuonekana kama mawimbi ya bahari ya Lindi siku ya kusi: linapanda, linashuka, na katikati kuna mstari. Ukikata wimbi likiwa juu, upande wa pili unaanza chini, spika inarushwa ghafla, ndiyo ile "tik". Ukikata pale pale wimbi linapovuka mstari, hakuna anayesikia kitu. Sasa nasogea taratibu, milisekunde kwa milisekunde, hadi nipate mvuko. Kisha naipishanisha miisho miwili kidogo sana, kama mshona jamvi anavyopandanisha ukindu. Kiungo cha kwanza kimenichukua saa nzima. Cha tisa, dakika nne.

Brian na mafundi wake walifanya hivi kwa wembe, kwenye kanda halisi, bila kitufe cha kurudi nyuma. Nimelifikiria hilo nikanywa maji.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwita Mwalimu wa kwaya, jirani yetu, mzee aliyefundisha kuimba tangu mimi sijazaliwa. Nilitaka anisikilizie "Our Prayer", dakika moja ya sauti tupu bila ala na bila maneno. Haumo kwenye orodha ya 12. Lakini kwenye kanda ya kurekodi unamsikia Brian akiwaambia wenzake kwamba huu ni utangulizi wa albamu, na mimi ushahidi wa mdomo wa mwenye mali nauchukua.

Mwalimu alivaa hedifoni, akafumba macho. Mara ya kwanza hakusema. Mara ya pili mkono ukaanza kupanda na kushuka juu ya goti.

"Wangapi hawa?"

"Wamo wachache tu, Mwalimu. Ndugu watatu, binamu yao na marafiki."

"Ndugu. Nilijua." Akavua sikio moja. "Sikiliza sauti ya nne, besi. Haimfuati mtu. Kwetu besi inatembea chini ya wenzake kama punda. Huyu anakwenda anakotaka, halafu wote wanamkuta kule. Na wa juu kabisa anapanda kwa sauti ya puani, halazimishi. Kijana wangu, ukiwapa wanakwaya wangu hii watagombana kabla ya sadaka."

Akaomba isikilizwe mara ya tatu, ya nne. Nikamwuliza niunganishe moja kwa moja na "Heroes and Villains" au niache nafasi. Akasema niache pumzi moja. Pumzi ya nani, nikauliza. "Yako wewe unayesikiliza. Umeishika tangu walipoanza, hukujua?" Nimeweka sekunde moja na robo.

Jumamosi, 24 Mei

PLASTA Na. 1. Nimeiandika kwa wino mwekundu na mkono mzito.

"Cabin Essence" ulipigwa Oktoba 1966: banjo, kinanda cha mdomo, halafu ghafla korasi inaingia kama treni. Korasi ya sauti ipo, ya wakati ule ule. Beti ndizo hazikuwa na mwimbaji. Carl Wilson, mdogo wake Brian, aliziimba Novemba 1968 walipoutoa wimbo huo kwenye albamu nyingine. Kwa kanuni yangu Carl amechelewa mwaka mmoja na nusu.

Nimejaribu bila Carl. Banjo peke yake inapendeza kwa sekunde kumi, baada ya hapo unaanza kusubiri mtu ambaye haji. Nimemrudisha. Alikuwa na miaka 19 wimbo ulipopigwa, 21 alipouimba. Koo ni lile lile, limekomaa kidogo. Kama Berlin waliweka shingo ya bandia ili kichwa kipate pa kukaa, na mimi naweka Carl.

Lakini "Do You Like Worms" nimeuacha na mapengo yake. Ngoma kubwa za okestra zipo, korasi ipo, hapsikodi, kile kinanda cha kale, ipo, ila sauti ya kuongoza beti haikurekodiwa siku zile, na aliyeijaza 2004 ni Brian mwenye sauti ya uzee. Hiyo si plasta, ni mjusi mwingine.

Kuhusu wanamuziki. Hizi ala hawakupiga Beach Boys wenyewe kwa sehemu kubwa. Walikuwa ni wapigaji wa kukodiwa wa Los Angeles, akina Hal Blaine kwenye ngoma na Carol Kaye kwenye gitaa la besi, watu waliopiga nyimbo nyingi za zama zile na majina yao hayakuandikwa kwenye jalada. Nimewaandika kwenye daftari ukurasa wa nyuma, mmoja mmoja, kila jina ninalolikuta kwenye kijitabu cha diski. Ukurasa umejaa.

Jumapili, 1 Juni

Nimevuka kwa boti kwenda Kitunda, ng'ambo ya mji, kumsalimia mjomba. Yeye ndiye chanzo cha ugonjwa huu. Alikuwa baharia, fundi wa chumba cha injini, na miaka ya themanini alirudi na kanda moja ya nyimbo za ufukweni za Beach Boys ambayo sisi watoto tuliisikiliza mpaka ikaliwa na redio. Injini zilimla sikio la kushoto. Ndiyo maana kila ninapomwekea muziki wa stirio analalamika kwamba nusu ya bendi imekwenda likizo.

Huu mradi unamfaa. Brian naye alikuwa hasikii karibu kabisa kwa sikio la kulia, na albamu zake za miaka ile alizichanganya kwa mono: kila kitu mahali pamoja, hakuna kushoto wala kulia. Kwa hiyo yangu yote ni mono. Mtu wa sikio moja aliitengenezea watu wa sikio moja, na mjomba nilipomwambia alicheka mpaka akakohoa.

Nikamwekea moto. Kwenye orodha ya 12 kuna wimbo mmoja unaoitwa "The Elements", ambao ulikusudiwa kubeba viasili vinne: moto, maji, hewa, ardhi. Kilichorekodiwa kikakamilika ni moto, tarehe 28 Novemba 1966, studio ya Gold Star. Brian aliwavisha wapigaji kofia za kuchezea za zimamoto na kuwasha kuni kwenye ndoo ili wanuse moshi. Fidla zinapanda na kushuka kama king'ora, ngoma inapigwa kama mtu anavunja mlango. Baadaye alisikia kwamba jengo la jirani limeungua, akaingiwa na hofu kwamba ni muziki wake umefanya, akaufungia.

Mjomba alisikiliza amekaa mkao wa mtu anayesikiliza injini. Ulipoisha akauliza, "Sasa?"

"Umeisha, mjomba."

"Huu moto mtauzima na nini?"

Nikamweleza habari ya kanuni. Kipande cha maji kipo, wengi wanakiita cha maji, lakini kilirekodiwa katikati ya Mei 1967, siku chache baada ya tangazo. Kimechelewa. Mjomba akaniangalia kama nilivyowahi kumwona akimwangalia mtu aliyefunga kamba ya boti kwa fundo la viatu.

"Melini moto ukiwaka hatuulizi maji yamekuja tarehe ngapi, mwanangu."

Nimerudi na boti ya jioni bila jibu.

Alhamisi, 12 Juni

Jana usiku simu ilianza kulia, mdogo wangu ananitumia habari kutoka Dar. Brian Wilson amefariki. Angetimiza miaka 83 wiki ijayo, tarehe 20.

Leo kazini ni msimu wa ufuta, magunia yanapimwa tangu asubuhi, mimi na vitabu vya mizani hadi saa moja jioni. Vumbi la ufuta lina harufu tamu inayoganda nguoni. Nimefika nyumbani nikafungua kompyuta, nikaitazama ile michoro ya sauti, nikaifunga.

Jumamosi, 21 Juni

Nimerudi kazini, yaani kazi hii.

Umebaki "Surf's Up", na huu ndio mgumu kuliko yote. Hali halisi ya mifupa ni hivi. Novemba 1966 Brian alirekodi ala za nusu ya kwanza: mabaragumu, besi, mlio mdogo wa chuma kama funguo zinazotikiswa. Hakuna sauti ya mtu. Desemba 15, akiwa peke yake, akakaa kwenye piano akauimba wote mwanzo hadi mwisho. Basi. Wimbo ulikuja kutoka 1971 kwenye albamu iliyobeba jina lake, na hapo ulikuwa tayari ni mjusi wa Berlin: nusu ya kwanza ni ala za 1966 na sauti mpya ya Carl, nusu ya pili ni Brian na piano ya 1966, mkiani wamefunga kipande cha wimbo mwingine kabisa, "Child Is Father of the Man". Waliofanya hivyo walijua wanachofanya, maana ni mzuri unaoumiza. Mwaka 2011 mafundi wakaja na njia nyingine. Waliichukua sauti ya Brian ya Desemba wakaiweka juu ya ala za Novemba.

Njia hiyo ya mwisho inaruhusiwa na kanuni zangu, herufi kwa herufi. Mifupa yote miwili ni ya mnyama yule yule, msimu ule ule. Ila haikuwahi kukutana. Nami nikasema kama wao wameweza, nami nitajaribu mwenyewe, kujua tu.

Usiku wa kwanza: ala zinakwenda kwa mwendo mmoja, sauti inakwenda kwa mwendo wake. Baada ya mstari wa pili Brian yuko nyuma, wa nne yuko mbele, wa sita kama mlevi anayetafuta geti lake. Usiku wa pili nikamkata neno kwa neno na kumpanga. Maneno yakakaa kwenye mdundo, lakini piano yake imo ndani ya sauti, haitoki, kwa hiyo kila neno lilikuja limebeba kipande cha piano kama mdudu aliyebeba jani. Usiku wa tatu nikaanza kuvuta na kubana muda kwa programu. Sauti ikawa ya bati.

Mwalimu alipita jioni kuuliza habari za marehemu, maana alishasikia. Nikamwekea nilichokifanya. Akavumilia kama dakika moja.

"Mlete alivyokuwa."

Nikaweka ile ya Desemba, mtu na piano. Anaanza chini chini, anakosea kidogo mahali, hajali. Mwisho kabisa sauti inapanda mpaka pale ambapo mwanamume mzima kwa kawaida hapandi, na inakaa huko bila kutetemeka.

"Huyu anaimba kwa pumzi yake," Mwalimu akasema. "Anasubiri anapotaka kusubiri. Wewe unamfunga kwenye saa ya watu ambao hakuwa nao siku hiyo." Akavaa kofia yake. "Ana umri gani hapo?"

"Ishirini na nne."

Akakaa tena, akaomba irudiwe.

Nimefuta usiku zote tatu. "Surf's Up" unakwenda kama ulivyo, mtu mmoja na piano, na unakuwa wa mwisho upande wa pili. Zile ala za Novemba hazitasikika kwenye albamu yangu. Inauma, kwa sababu yale mabaragumu ni kitu.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Mpangilio umekaa, na nauandika bila kujitetea sana.

Upande A: utangulizi wa sauti tupu, "Heroes and Villains", "Do You Like Worms", "I'm in Great Shape", "The Old Master Painter", "Wonderful", "Cabin Essence". Dakika 14 na sekunde 50. "I'm in Great Shape" ni nusu dakika tu, kipande cha mfupa ambacho hata hujui ni cha mguu au mkono, na nimekiacha nusu dakika. Ningeweza kukirudia mara mbili kiwe wimbo. Nilifanya, kikasikika kama mtu anayerudia utani baada ya watu kutocheka.

Upande B: "Good Vibrations", "Wind Chimes", "Vega-Tables", "Child Is Father of the Man", "The Elements", "Surf's Up". Dakika 18 na sekunde 25. "Good Vibrations" ulinisumbua kwa sababu kila mtu anaujua, na popote unapouweka unakuwa mgeni rasmi. Nilianza kuuweka katikati, lakini baada yake hakuna anayesikiliza kitu, na nikiuweka mwisho, kabla yake kila mtu anausubiri. Kuuweka mwanzo wa upande wa pili kunamfanya msikilizaji ainuke kugeuza sahani kwa hamu, halafu akishashibishwa anakuwa mpole kwa zile ngeni.

Halafu hilo la kugeuza. Nimetengeneza mafaili mawili, si moja. Ukimaliza A, muziki unasimama. Lazima uinuke. Mke wangu anasema huo ni usumbufu wa makusudi, nami nimekubali kwamba ni wa makusudi.

"The Elements" ni moto peke yake. Baada ya moto nimeweka sekunde nne za kimya, kisha piano. Kwa kanuni, ndivyo ilivyokuwa: moto upo, mengine hayakuwahi. Nimesikiliza mara sita. Mara ya tano nilijikuta nasubiri maji. Mjomba ameniharibia sikio.

Jumamosi, 12 Julai

Nimevuka asubuhi na flashi mfukoni, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni maana bahari ilikuwa inachafuka. Mjomba alikuwa amekwishatandika mkeka chini ya mwembe na kulitoa sabufa nje, waya umepita dirishani. Kuna chai ya tangawizi, mihogo, na wajukuu watatu waliotarajia Bongo Fleva.

Upande A wajukuu walivumilia hadi "Do You Like Worms", wakaondoka. Mjomba alikaa, sikio zima limeelekezwa kwenye spika. Kwenye "Cabin Essence" korasi ilipoingia aligonga kikombe kwa kijiko mara mbili, hapo hapo kwenye mdundo. Kisha kimya.

"Imekufa?"

"Upande umeisha, mjomba. Inabidi ugeuze."

Alifikiri natania. Nilipomwonyesha faili la pili alinyanyuka mwenyewe, anashika kiuno, akabonyeza, akarudi kukaa huku anaguna. "Good Vibrations" ulipoanza alisahau kuguna. Aliimba sehemu ya juu yote kwa sauti ya mtu aliyepoteza meno manne, na wajukuu wakarudi mbio kuangalia babu kapatwa na nini.

Ukaja moto. Nilikuwa nimekaa nusu mgongo, sikutaka kumwangalia. Fidla, ngoma, king'ora. Ulipoisha hakukuwa na zile sekunde nne. Yalikuja maji, dakika moja na nusu. Halafu ndipo piano.

Mjomba hakusema lolote mpaka Brian alipomaliza kuimba na sabufa kubaki linavuma. Akamimina chai iliyobaki.

"Haya," akasema. "Umekuja na maji."

Kwenye daftari nimeandika kwa wino mwekundu: PLASTA Na. 2, maji, katikati ya Mei 1967, nakala ya Kitunda tu. Faili linaitwa B_mjomba. Ile iliyobaki mjini, kwenye kompyuta yangu, bado ina sekunde nne za kimya.